Picha za miale zinazotafuta hitilafu ya jeni katika saratani ya mapafu

SARATANI ya mapafu ndiyo inayoua watu wengi zaidi duniani miongoni mwa saratani zote. Kwa mujibu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, mwaka wa 2022 pekee watu wapatao milioni 2.5 waligunduliwa kuwa na maradhi haya, na wengine wapatao milioni 1.8 walifariki kutokana nayo.

Hata hivyo, jina hilo moja huficha maradhi mengi. Wagonjwa wawili wanaweza kulazwa katika vitanda jirani, uvimbe wao ukawa wa ukubwa mmoja, na hata chini ya hadubini seli zao zikafanana kama shilingi kwa ya pili. Lakini mmoja akipewa kidonge fulani, baada ya wiki chache huanza kupumua vyema, ilhali mwenzake anayemeza kidonge hicho hicho huzidi kudhoofika. Tofauti baina yao imo ndani ya jeni za uvimbe wenyewe.

Kuijua tofauti hiyo kabla ya tiba kuanza ni suala la uhai na kifo. Kwa kawaida madaktari huitafuta kwa kukata kipande kidogo cha uvimbe na kukipeleka maabara. Katika miaka ya hivi karibuni, wanasayansi nchini Uholanzi, Uchina na kwingineko wamejaribu njia nyingine. Wao humdunga mgonjwa kiasi kidogo mno cha dawa yenye mnururisho, ambayo huusaka uvimbe wenye hitilafu popote ulipo mwilini na kuufanya uonekane katika picha. Dawa ya aina hiyo ni kifuatiliaji, kwa kuwa kazi yake si kutibu bali ni kufuatilia.

Swali ni hili: je, picha inaweza kweli kuonyesha hitilafu ya jeni, kitu kidogo kisichoonekana hata kwa hadubini ya kawaida? Jibu ni kwamba inaweza, kwa njia ya mzunguko na kwa masharti yake.

Swichi isiyozimika

Juu ya seli nyingi za mwili wa binadamu kuna vipokezi, ambavyo ni protini zinazopokea ujumbe kutoka nje ya seli na kuupeleka ndani. Kimojawapo huitwa EGFR. Kipokezi hiki hupokea ujumbe unaoiamuru seli ikue na kugawanyika. Mwanasayansi Mmarekani Stanley Cohen, aliyegundua kemikali inayobeba ujumbe huo, alituzwa Nobel ya Tiba mwaka wa 1986 pamoja na Rita Levi-Montalcini wa Italia.

Katika mwili wenye afya, EGFR hufanya kazi kama swichi ya taa. Ujumbe ukifika, huwaka. Kazi ikiisha, huzimika. Lakini katika baadhi ya saratani za mapafu, jeni inayotoa maagizo ya kuunda kipokezi hicho huwa imeharibika. Kipokezi huundwa kikiwa na kasoro na swichi hubaki imewaka usiku na mchana, hata pasipo ujumbe wowote. Seli nayo hugawanyika bila kukoma. Ndiko kusema kikulacho ki nguoni mwako, kwa maana chombo kile kile kinachouwezesha mwili kujikarabati ndicho kinachougeuka.

Hitilafu mbili ndizo zinazopatikana kwa wingi zaidi. Ya kwanza ni kupotea kwa kipande kifupi cha jeni katika sehemu iitwayo eksoni ya 19. Ya pili, iliyo katika eksoni ya 21, hubadilisha kiungo kimoja tu cha protini na hujulikana kwa alama ya L858R. Zote mbili hupatikana katika kundi la saratani ambalo huchangia takriban asilimia 85 ya saratani zote za mapafu, na hasa katika aina iitwayo adenokasinoma. Huonekana zaidi miongoni mwa watu ambao hawajawahi kuvuta sigara, wanawake, na watu wenye asili ya Asia Mashariki. Katika Asia Mashariki, karibu nusu ya wagonjwa wa adenokasinoma ya mapafu huwa na hitilafu hii, ilhali miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya ni kati ya asilimia 10 na 15.

Funzo la kidonge kimoja

Umuhimu wa jambo hili ulidhihirika kupitia kidonge kiitwacho gefitinib, kilichoidhinishwa nchini Japan mwaka wa 2002 na Marekani mwaka wa 2003. Kidonge hicho kilitengenezwa ili kiizime swichi ya EGFR. Matokeo yake mwanzoni yaliwashangaza madaktari. Wagonjwa wengi hawakunufaika hata kidogo, lakini wachache walipata nafuu ya haraka isiyotarajiwa.

Fumbo hilo lilifumbuliwa mwaka wa 2004. Makundi mawili ya watafiti jijini Boston, na jingine jijini New York, yaligundua kwamba wale waliopata nafuu ndio waliokuwa na hitilafu katika jeni ya EGFR. Kasoro ile ile inayoifanya swichi iwake daima pia huufanya mfuko mdogo ulio ndani ya kipokezi uishike dawa kwa nguvu zaidi kuliko kipokezi cha kawaida.

Mwaka wa 2009 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa barani Asia kwa jina IPASS, uliowahusisha wagonjwa 1,217. Wenye hitilafu walikaa muda mrefu zaidi bila ugonjwa kuendelea walipotumia gefitinib kuliko wale waliopewa tibakemikali. Kwa wasio na hitilafu mambo yalikuwa kinyume kabisa. Kidonge kiliwafaa kidogo mno kuliko tibakemikali, na ugonjwa wao uliendelea upesi.

Hapo ndipo ilipobainika kwamba kubahatisha ni hatari. Kumpa kidonge asiyekihitaji ni kumpotezea wakati, na wakati ndio bidhaa adimu zaidi kwa mgonjwa wa saratani ya mapafu. Kumnyima anayekihitaji ni kumnyima miezi, na pengine miaka, ya maisha yenye nafuu.

Tangu wakati huo orodha ya hitilafu zenye dawa zake imerefuka. Mwaka wa 2011 Marekani iliidhinisha crizotinib kwa ajili ya hitilafu ya jeni ya ALK, na mwaka wa 2021 ikaidhinisha sotorasib kwa aina moja ya hitilafu ya jeni ya KRAS. Hata hivyo, EGFR ndiyo iliyochunguzwa zaidi na wataalamu wa picha za miale.

Sindano moja, uvimbe mwingi

Njia inayotegemewa hospitalini ni bayopsi, yaani kutoa kipande cha tishu kwa sindano au kwa mpira mwembamba unaopitishwa katika koo hadi mapafuni. Kipande hicho huchunguzwa na mtaalamu wa patholojia, kisha DNA yake husomwa. Hakuna kipimo kingine kinachotoa habari nyingi kama hicho, na ndicho kinachothibitisha kwamba ugonjwa wenyewe ni saratani.

Lakini bayopsi ina mipaka yake. Pafu ni kiungo kilichojaa hewa. Sindano ikilitoboa, hewa huweza kuvujia katika nafasi inayolizunguka na kulifanya pafu lisinyae. Uvimbe mwingine hukaa karibu na moyo au mishipa mikubwa ya damu, mahali ambapo daktari husita kuingiza sindano. Mara nyingine kipande kinachopatikana huwa kidogo mno kuweza kutosheleza vipimo vyote. Isitoshe, baadhi ya wagonjwa hufika hospitalini wakiwa dhaifu kiasi cha kutostahimili shughuli hiyo.

Kuna tatizo jingine kubwa zaidi. Saratani iliyosambaa haiko mahali pamoja. Huenda iko kwenye pafu, tezi za limfu, mifupa, ini na ubongo kwa wakati mmoja, na si lazima kila uvimbe uwe na jeni zinazofanana na za mwenzake. Sindano huchota kutoka mahali pamoja tu, mfano wa mtu anayeonja kijiko kimoja na kutoa hukumu juu ya masufuria yote jikoni.

Saratani pia hubadilika kadiri wakati unavyosonga. Wagonjwa wanaotumia gefitinib au erlotinib hupata nafuu kwa miezi kadhaa, aghalabu karibu mwaka mmoja, kisha uvimbe huanza kukua tena. Katika takriban nusu ya wagonjwa hao chanzo huwa hitilafu mpya iitwayo T790M, ambayo huubadilisha ule mfuko wa kipokezi kiasi kwamba dawa ya awali haina nguvu tena juu yake. Kwa wagonjwa kama hao Marekani iliidhinisha dawa ya osimertinib mnamo Novemba 2015, na mwaka wa 2018 ikaruhusu itumiwe tangu mwanzo wa tiba. Lakini ili kuitambua hitilafu mpya, mgonjwa hulazimika kudungwa sindano ya bayopsi tena.

Mzigo huo umepunguzwa na vipimo vya damu. Uvimbe unapokua na kufa, vipande vya DNA yake huingia katika damu, na mnamo Juni 2016 Marekani iliidhinisha kwa mara ya kwanza kipimo cha damu cha kutafuta hitilafu za EGFR. Kipimo hicho ni rahisi kwa mgonjwa, na hitilafu ikionekana, daktari anaweza kuitegemea. Lakini isipoonekana haimaanishi kwamba haipo, kwa kuwa baadhi ya uvimbe haumwagi DNA ya kutosha katika damu. Aidha, damu haiwezi kumwambia daktari ni uvimbe upi kati ya mingi ulio na hitilafu.

Mizizi ya ufuatiliaji

Wazo la kutumia mnururisho kufuatilia kitu mwilini lina zaidi ya miaka 100. Mwanzilishi wake ni George de Hevesy, mwanakemia aliyezaliwa Budapest, Hungary, mwaka wa 1885. Inasimuliwa kwamba alipokuwa Manchester, Uingereza, alishuku kuwa mama mwenye nyumba alikokuwa akiishi alikuwa akiwapakulia wapangaji mabaki ya chakula cha siku zilizotangulia. Siku moja alitia chembe ya kitu nururifu katika chakula alichobakisha sahanini. Baadaye alipopima mlo mpya kwa kifaa chake, mnururisho ukaonekana, na mama akawa hana la kujitetea.

Liwe la kweli au limetiwa chumvi, simulizi hilo linaeleza kanuni nzima. Atomu nururifu hufanya kazi kama atomu ya kawaida ya aina yake, ila hutoa miale inayoifichua ilipo. Mwaka wa 1923 Hevesy aliitumia kanuni hiyo kufuatilia jinsi mmea wa maharagwe unavyonyonya madini ya risasi, na baadaye akatuzwa Nobel ya Kemia ya mwaka wa 1943.

Mashine inayotumiwa leo ni ile ya PET. Kifuatiliaji chake huwa na atomu zinazotoa positroni, chembe inayofanana na elektroni lakini yenye chaji chanya. Chembe hiyo iligunduliwa na Mmarekani Carl Anderson mwaka wa 1932. Positroni haiishi kitambo. Ikikutana na elektroni mwilini, zote mbili hutoweka na mahali pao hutoka miale miwili ya gama inayokwenda pande mbili zilizo kinyume. Vipimaji vilivyopangwa kwa duara kumzunguka mgonjwa huinasa miale hiyo miwili kwa pamoja. Kompyuta nayo hukokotoa mahali ilipotokea, na baada ya mamilioni ya matukio kama hayo picha hujitokeza.

Kifuatiliaji kinachotumika zaidi katika saratani ni FDG, ambayo ni sukari ya glukosi iliyobandikwa atomu ya florini nururifu. Binadamu wa kwanza kudungwa FDG walikuwa watu wawili waliojitolea katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, mnamo Agosti 1976. Kwa vile seli za saratani hula sukari nyingi kuliko seli za kawaida, uvimbe huonekana ukiwaka katika picha.

Hata hivyo, FDG haichagui. Sukari huliwa pia na seli za kinga zinazopambana na maambukizi, kwa hivyo kovu hai la kifua kikuu pafuni huweza kuwaka sawa na saratani. Katika nchi kama Kenya ambako kifua kikuu kingali tishio, na ambako dalili za maradhi haya mawili hufanana, jambo hilo si dogo. Zaidi ya hayo, FDG inaweza kuonyesha kwamba seli zina njaa, lakini haielezi ni hitilafu gani ya jeni iliyoifanya njaa hiyo.

Dawa inapogeuzwa kuwa taa

Hapo ndipo watafiti walipopata wazo jipya. Ikiwa kipokezi chenye kasoro huishika dawa kwa nguvu kuliko kipokezi cha kawaida, basi dawa hiyo hiyo inaweza kutiwa atomu nururifu na kudungwa kwa kiasi kidogo mno kisichoweza kutibu wala kudhuru. Itapita katika damu, itafika kwenye kila uvimbe, na itakaa kwa muda mrefu zaidi pale penye kasoro. Mashine ya PET itaonyesha ilipokaa.

Mwaka wa 2011 watafiti wa Uchina walichapisha matokeo ya wagonjwa 21 waliochunguzwa kwa kifuatiliaji kiitwacho PD153035, ambacho hushikamana na EGFR. Wagonjwa ambao uvimbe wao ulikinyonya zaidi ndio walioishi muda mrefu zaidi walipotibiwa kwa kidonge cha erlotinib.

Mnamo 2013 kundi la watafiti jijini Amsterdam, Uholanzi, lilikwenda hatua moja mbele kwa kutumia erlotinib yenyewe. Atomu moja ya kaboni ya kawaida katika dawa hiyo ilibadilishwa na kaboni nururifu, kwa hivyo mwili haukuwa na namna ya kuzitofautisha. Walipimwa wagonjwa 10, watano wenye hitilafu ya eksoni ya 19 na watano wasio nayo. Uvimbe wenye hitilafu uliinyonya dawa kwa wingi zaidi. Idadi ya wagonjwa ilikuwa ndogo, lakini kanuni ilithibitika.

Utafiti uliozungumziwa zaidi ni ule ulioongozwa na wanasayansi wa jiji la Harbin, Uchina, na kuchapishwa mwaka wa 2018. Waliunda kifuatiliaji kiitwacho MPG chenye florini nururifu, kwa lengo la kuvisaka vipokezi vyenye kasoro. Katika uchunguzi wa wagonjwa 75, picha zilikubaliana na matokeo ya bayopsi kwa takriban asilimia 84. Miongoni mwa wale ambao uvimbe wao ulikinyonya kifuatiliaji kupita kiwango kilichowekwa, zaidi ya asilimia 80 waliitikia vidonge vya kuzima EGFR. Miongoni mwa waliokuwa chini ya kiwango hicho, ni takriban asilimia sita tu walioitikia.

Takwimu hizo zinatia moyo, lakini zafaa kusomwa kwa makini. Asilimia 84 ina maana kwamba karibu mgonjwa mmoja kati ya sita picha yake ilisema jambo moja na bayopsi ikasema jingine. Mgonjwa huyo mmoja naye ana maisha yake na familia yake. Kwa upande mwingine, haiwezi kudhaniwa kwamba kila mara sindano ndiyo iliyokuwa sahihi, kwa sababu yenyewe huchota mahali pamoja tu.

Picha haisomi jeni

Jambo ambalo msomaji hana budi kulielewa ni kwamba mashine ya PET haiioni jeni. Inachoonyesha ni dawa ilikoshikamana na protini. Jeni ni agizo. Protini ni kile kilichoundwa kutokana na agizo hilo. Mtu anayetazama nyumba anaweza kukisia mchoro wa fundi ulivyokuwa, lakini hajausoma mchoro wenyewe.

Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha nguvu na udhaifu wa njia hii. Nguvu yake ni kwamba inajibu swali ambalo daktari analihitaji zaidi, nalo ni kama dawa itafika na kushikamana na uvimbe. Udhaifu wake ni kwamba kifuatiliaji kinaweza kujikusanya mahali kwa sababu nyingine. Uvimbe wenye vipokezi vingi visivyo na kasoro unaweza kuwaka kiasi. Uvimbe usiopata damu ya kutosha unaweza kufifia hata kama una hitilafu. Mgonjwa ambaye tayari anameza dawa yenyewe huwa vipokezi vyake vimejaa, na kifuatiliaji hukosa pa kukaa.

Ini ni kikwazo kingine. Dawa nyingi za aina hii huchujwa na ini na kutolewa kupitia nyongo na utumbo. Kwa sababu hiyo ini lenyewe huwaka katika picha na kuuficha uvimbe uliosambaa humo. Ubongo nao una kizuizi kinacholinda damu isiingize kila kitu, na dawa za awali kama erlotinib hupenya kwa shida. Ini na ubongo ni miongoni mwa sehemu ambazo saratani ya mapafu hupenda kusambaa, kwa hivyo upungufu huo hauwezi kupuuzwa.

Kutokana na sababu hizi, vifuatiliaji vya hitilafu za EGFR bado vimo katika utafiti na havijawa sehemu ya huduma ya kawaida hospitalini. Hata hivyo, si ndoto. Mwaka wa 2020 Marekani iliidhinisha kifuatiliaji kinachotafuta vipokezi vya homoni ya estrojeni katika saratani ya matiti, na mwishoni mwa mwaka huo ikaidhinisha kingine kinachotafuta protini ya PSMA katika saratani ya tezi dume. Kanuni ni ile ile, na imekwisha kuvuka kutoka maabara hadi wodini.

Mbio dhidi ya saa

Kifuatiliaji hakiwekwi katika rafu ya famasia. Nguvu ya kaboni nururifu hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 20 hivi. Gari linaloibeba likikwama katika msongamano wa magari kwa saa moja, husalia sehemu moja tu kati ya nane. Ndiyo maana erlotinib yenye kaboni nururifu hutumika tu katika hospitali yenye saiklotroni yake, mtambo unaotengeneza atomu hizo kwa kuzigonganisha chembe kwa kasi kubwa.

Florini nururifu ina subira kidogo, kwa kuwa hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110. Ingesafirishwa kwa treni kutoka Nairobi hadi Mombasa, safari ya takriban saa tano, ingefika ikiwa na chini ya moja kwa sita ya nguvu yake ya awali. Kwa sababu hiyo watafiti wengi sasa hupendelea florini kuliko kaboni.

Nchini Kenya, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Nairobi ilizindua mashine ya PET pamoja na saiklotroni mwaka wa 2018. Baadaye Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta nayo ikapata huduma hiyo. Kabla ya hapo, Wakenya waliohitaji picha hizi walilazimika kusafiri ng'ambo, hasa India. Usimamizi wa vifaa vya mnururisho uko chini ya Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia, KNRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2019.

Wengi huogopa wanaposikia neno mnururisho. Hofu hiyo ina msingi, lakini yafaa ipimwe. Picha ya FDG kwa mtu mzima humpa mnururisho wa takriban milisiveti saba, mbali na ule wa picha ya CT inayopigwa pamoja nayo. Kila binadamu hupata wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na katika chakula. Kwa hivyo FDG moja ni sawa na mnururisho wa asili wa karibu miaka mitatu. Mgonjwa hushauriwa anywe maji mengi, aende haja ndogo mara kwa mara, na kwa saa chache asikae karibu sana na watoto wadogo na wajawazito. Mwanamke mja mzito au anayenyonyesha hana budi kumwarifu daktari mapema.

Dawa bila kipimo

Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani, WHO, liliitia erlotinib katika orodha yake ya dawa muhimu, huku gefitinib na afatinib zikiruhusiwa badala yake. Hatua hiyo iliziweka dawa hizi katika daraja la zile ambazo kila taifa linahimizwa kuzipata. Lakini dawa hizo hazina faida kwa mtu ambaye hitilafu yake haijapimwa. Hospitali inayoweza kununua kidonge bila kuweza kupima jeni ni kama mtu aliye na ufunguo asiyejua ni wa kufuli gani.

Kwa mataifa yenye uwezo mdogo, mpangilio ulio bora hauanzi na saiklotroni. Unaanza na maabara ya patholojia yenye wataalamu na vifaa, bayopsi inayofanywa kwa wakati, na kipimo cha damu pale ambapo bayopsi haiwezekani. Picha za vifuatiliaji zitakuwa na nafasi yake baada ya hapo. Zitamfaa mgonjwa ambaye uvimbe wake hauwezi kudungwa sindano, yule ambaye vipimo vyake vinapingana, na yule ambaye baadhi ya uvimbe wake unapungua kwa dawa huku mwingine ukikua. Kwa hao, picha ya mwili mzima inaweza kuonyesha jambo ambalo sindano na damu haziwezi.

Kwa anayegunduliwa leo kuwa na saratani ya mapafu, hasa aina ya adenokasinoma, swali la kumwuliza daktari ni hili: je, uvimbe huu umepimwa jeni, na kama bado, unaweza kupimwa kabla tiba haijaanza? Swali hilo halihitaji mashine yoyote, na jibu lake ndilo litakaloamua iwapo kidonge anachopewa kinamfaa au kinampotezea wakati.